Mama Mvuke na Shuka la Kiingereza

"Kiingereza ni shuka tu! Nimefua mashuka ya mji huu miaka ishirini na mbili, yenye damu, yenye dawa, yenye mambo ambayo hata daktari hakuyaandika. Nipeni miezi mitatu. Nitakiloweka, nitakifua, nitakianika, na siku ya mtihani nitakipiga pasi mpaka mjione sura zenu humo!"

Hayo aliyasema Mama Mvuke akiwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, chupa ya soda mkononi, mbele ya wafanyakazi sitini na wawili wa kiwanda cha dobi, walinzi wawili, mpishi wa chai na afisa utumishi. Ilikuwa saa nane mchana, katika ukumbi wa kulia, siku ya kumuaga msimamizi wa zamu aliyekuwa anastaafu. Watu walipiga meza. Kiti kiliteleza mguu mmoja, mwenyewe hakuteleza.

Na ukweli usemwe, hakuanza yeye. Aliyeanza ni afisa utumishi, ambaye dobi nzima ilimwita Bwana Faili kwa sababu hata akienda chooni alibeba faili kwapani. Bwana Faili alisimama, akawatangazia kwamba kampuni imetumia elfu thelathini na nne kwa soda peke yake, watu wakazitazama chupa zao kwa aibu kana kwamba wameziiba. Kisha akasema nafasi ya msimamizi wa zamu iko wazi kwa yeyote. Ila ripoti za msimamizi zinakwenda Makao Makuu, na Makao Makuu wanasoma Kiingereza. Kwa hiyo kutakuwa na mtihani wa kuandika. Hapo akamgeukia Mama Mvuke na kutabasamu lile tabasamu la mtu anayekukanyaga mguu halafu anakagua kama kiatu chake kimechafuka.

"Mama yangu, wewe pole sana. Mashine unazijua. Lakini lugha haifuliwi."

Watu walicheka. Wengine walicheka kwa sababu ni kichekesho, wengine kwa sababu Bwana Faili ndiye anayepanga likizo. Mama Mvuke alikipanda kiti.

Jina hilo la Mvuke hakupewa bure. Akipita chini ya bomba alikuwa anasimama, anainamisha kichwa kama anayesikiliza umbea, halafu anasema, "Kiungo cha tatu kinavuja." Fundi anapanda ngazi huku ananung'unika, anashuka kimya. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, katika chumba cha kuchambua nguo chafu za hospitali, ambako mwaka wa kwanza alijichoma na sindano tatu zilizosahauliwa ndani ya mashuka. Akahamia mashine za kufulia, akahamia boila, akaishia ukumbi wa pasi. Shule aliiacha kwenye mlango wa darasa la saba, si kwa ujinga. Kaka zake wawili walitangulizwa, yeye akaambiwa asubiri zamu yake, na zamu yake haikufika. Mmoja wa kaka hao leo ni mlevi mwenye cheti.

Kiingereza alichokuwa nacho ni kile kilichoandikwa kwenye vitufe vya mashine. Aliyajua maneno yale kwa sura, kama unavyomjua jirani usiyemsalimia.

Usimamizi hakuutaka kwa ajili ya kiti chenye magurudumu. Aliutaka kwa ajili ya ufunguo mwekundu, na habari ya ufunguo huo haiwezi kuelezwa bila kumweleza wifi yake.

Mashine ya pasi ni dude refu kama basi. Shuka linaingia upande huu likiwa na majimaji, linapita kwenye rola tatu za chuma zenye moto, linatoka upande ule limenyooka. Mbele ya rola ya kwanza kuna upau mwembamba. Kidole kikiugusa tu, mashine inasimama. Upau huo unashikiliwa na springi mbili. Miaka minne kabla ya ile siku ya soda, springi ya kushoto ilikatika. Upau ukalegea, ukawa unasimamisha mashine kila dakika bila sababu, na mashuka ya hospitali yakarundikana mpaka mlangoni. Bwana Faili, ambaye siku hizo alikuwa anakaimu umeneja na anataka kuthibitishwa, alishuka ukumbini akamwambia fundi aufunge upau juu kwa waya. "Kwa muda tu," alisema. Mama Mvuke alikuwepo. Ukumbi mzima ulikuwepo.

Siku ya tisa, mkono wa wifi yake ulikwenda na shuka.

Huyo wifi ni mdogo wa mume wake, na Mama Mvuke mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale. Siku ile alikuwa hatua nne kutoka kwake. Alipiga kelele, "Zima!" Kuzima mashine ile papo hapo kunataka ufunguo mwekundu, ufunguo mwekundu hukaa shingoni mwa msimamizi wa zamu, na msimamizi wa zamu alikuwa anakunywa chai. Mama Mvuke akakimbilia swichi kuu ya ukumbi. Hatua arobaini. Amezihesabu baadaye mara nyingi kuliko alivyowahi kuhesabu mshahara wake.

Wifi alipona, mkono haukupona. Vidole vilijikunja kama vimeshika kitu asichotaka kumwonyesha mtu. Wiki sita baadaye akaletewa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe, bila fidia, na aliyemletea akamwongezea kwa mdomo: "Shahidi ni wifi yako. Kasaini mwenyewe."

Tangu hapo, kila familia ilipokutana, kwenye ugonjwa, kwenye harusi, hata kwenye kuhesabu masufuria baada ya harusi, wawili hao waliwaka.

"Uliniuza."

"Nilisaini ili utibiwe!"

"Uliniuza, tena kwa bei ya jumla."

"Kama kuna neno baya nililosaini juu yako, mkono wangu huu nao ukauke!"

Mume wa Mama Mvuke, fundi baiskeli, mtu wa maneno manane kwa siku, alikuwa anatoka nje kwenda kukagua tairi ambalo halikuwa na pancha.

Na waya ule wa muda? Haukutolewa. Baada ya ajali waliongeza waya wa pili.

Sasa twende darasani. Darasa lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, Jumatano baada ya kazi na Jumamosi mchana. Harufu ya rangi ilipanda mpaka wanafunzi wakawa wanatoka wamelewa bila kunywa. Mwalimu alikuwa binti wa miaka ishirini na nne, miwani imefungwa uzi sikioni, sauti ndogo lakini haina mchezo. Siku ya kwanza aliandika ubaoni maneno matatu ya Kiswahili: Nani? Wangapi? Lini?

"Kiingereza kizima kimekaa juu ya maswali haya," alisema. "Nani katenda, walikuwa wangapi, na ilikuwa lini. Ukijua hayo, kitenzi kitakutii. Usipoyajua, hata uongee puani namna gani, umepotea."

Mama Mvuke alinyoosha mkono. Alikuwa na umri wa kumzaa mwalimu na mwingine ukabaki. "Mwalimu, yaani mtu akiwa mmoja, kitenzi kinaota mkia wa *s*?"

"Ndiyo, mama. Akiwa wa tatu, na jambo liwe la siku zote."

"Na wakiwa wengi, mkia unakatika?"

"Unakatika."

"Hawa watu wamepanga kinyume. Wengi ndio wenye mikia."

Alikasirika na lugha ile kama anavyokasirikiwa mpangaji asiyelipa. Kwa nini *go* ikifika jana inageuka *went*? Hata bibi harusi habadiliki sura hivyo. Kwa Kiswahili ukisema yeye, ni yeye, basi, mume au mke utajua mbele ya safari. Mwingereza kabla hajakutaja anataka kwanza kujua umevaa nini ndani. Halafu wanajisifu kwa upatanisho! "Sisi tunapatanisha kila kitu," alimwambia kinyozi aliyekaa naye benchi moja. "Kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika, mti umeanguka, miti imeanguka. Wao wanapatanisha kwa herufi moja, tena siku wakijisikia."

Karatasi yake ya kwanza ilirudi na wekundu mwingi kama shuka la wodi ya wazazi. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Aliyachana maboksi ya sabuni, akaandika vitenzi kwa kalamu nene, akayabandika juu ya mashine za kufulia, kila mashine na kitenzi chake: leo, jana, na ile hali ya jambo lililokwisha kutendwa. Akawa anapita anaziamkia. Wenzake walianza kwa kumcheka, wiki ya tano walikuwa wanamsahihisha. Mume wake naye akalazimika kuulizwa maswali wakati wa kula. "Jana umeenda wapi? Nani kaenda? Mmoja au wengi?" Maskini alijibu, "Mmoja. Peke yangu. Naapa."

Ndani ya miezi miwili wekundu ulipungua mpaka mwalimu akawa anatafuta kosa kwa miwani. Hapo akampa kazi ya mwisho: "Mama, leta ukurasa wowote wa Kiingereza cha kazini kwako. Piga mstari mwekundu chini ya kila mtenda, wa buluu chini ya kila kitenzi. Tuone kama unakisoma, si kukiandika tu."

Ukurasa ulipatikana kirahisi kuliko alivyotegemea, na hapa ndipo Bwana Faili alipojichimbia kaburi. Waombaji wa nafasi walibaki wawili: Mama Mvuke, na kijana mmoja wa ofisini aliyeitwa Tai kwa sababu alifunga tai hata siku ya kusafisha boila. Tai alikuwa mtoto wa rafiki wa Bwana Faili. Ili Tai ajizoeshe vizuri, Bwana Faili aliagiza waombaji wote wapewe nakala kumi za ripoti za zamani kama mfano. Karani akatoa nakala mbili mbili. Bwana Faili aliona bahasha ya pili ikienda kwa Mama Mvuke na hakushtuka hata kidogo. Kwake yeye kumpa mama yule ripoti za Kiingereza kulikuwa sawa na kumpa mbuzi gazeti. Atalitafuna, hatalisoma.

Jumamosi ile, juu ya duka la rangi, Mama Mvuke alitoa bahasha. Ripoti ya kwanza ilihusu bomba, ya pili ilihusu sabuni iliyopotea. Ya tatu ilikuwa na saini yake.

Saini yake haifichiki: herufi kubwa, na mwishoni mkia unaorudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Aliitazama. Akakumbuka siku aliyoiweka. Pale dobi, karatasi za kusaini huletwa saa ya kutoka, pembeni ya mashine ya kugonga kadi za zamu, foleni inasukumana, kila mtu anawaza usafiri. Unasainia ukutani. Hakuna aliyewahi kusoma. Kusoma kungechelewesha foleni, na anayechelewesha foleni anazomewa. Bwana Faili mwenyewe alikuja na ubao wake wa kushikia karatasi. "Mama, saini hapa upesi, ni ya wifi yako, hospitali wanaisubiri." Akasaini, akamshukuru. Ndiyo, alimwambia asante.

Alichukua kalamu nyekundu na ya buluu, akaanza. Nani? Opereta. Katenda nini? Aliuondoa upau wa usalama. Lini? Wakati uliopita. Nani? Yeye, wa kike, mmoja. Alionywa. Hakutii. Kalamu ilikwenda polepole, nyekundu, buluu, nyekundu, buluu, mpaka sentensi ya mwisho. Shahidi alimwona akiuondoa.

"Shahidi ni nani, mama?" mwalimu aliuliza, akichungulia begani kwake.

"Mimi."

Kinyozi alijifanya anachonga penseli.

"Mwalimu, nitazamie. Hakuna kosa hapa?"

Binti alirekebisha miwani, akasoma mara mbili. "Hakuna, mama. Wakati ni sawa. Kila kitenzi kimepatana na mtenda wake. Kiingereza chake ni safi."

"Safi," Mama Mvuke alisema. "Kumbe uongo nao unapatana."

Hakulia. Kulia kungemsaidia nani? Alikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya sidiria, akashuka ngazi na hasira ya aina mbili, moja inakwenda nje, moja inarudi ndani, na ile inayorudi ndiyo ilikuwa na kucha. Miaka minne aliapa. Miaka minne alimwambia mwenye mkono uliokunjamana kwamba ni mwongo.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Bwana Faili bila kubisha.

"Hii nini?"

Bwana Faili aliitazama karatasi, akaitazama mistari myekundu na ya buluu, na kwa mara ya kwanza faili likamtoka kwapani. Lakini mtu wa ofisini haanguki, huwa anakaa chini. Akakaa.

"Mama yangu, punguza sauti. Hiyo ni lugha ya ripoti tu."

"Lugha ya ripoti ndiyo iliyofunga waya?"

"Ulisaini."

"Uliniambia ni ya hospitali!"

"Niliandika hivyo wapi?" Akatabasamu. "Kusaini ni kukubali, mama. Hapo upo wewe, hatupo sisi. Ukifungua hilo faili, wa kwanza kutoka humo ni shahidi wa uongo, na shahidi wa uongo ni wewe. Sikiliza. Mtihani ni Ijumaa. Nasikia umeiva kuliko hata huyu kijana. Ufunguo mwekundu utaning'inia hapo shingoni mwako, mashine utazizima na kuziwasha utakavyo, kuna wengine utawaokoa mikono yao. Ya kale yaache yalale."

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na akili. Alitoka nayo, akashinda nayo ukumbini siku nzima. Kila shuka lililopita aliutazama upau umefungwa juu na waya zake mbili zenye kutu, na chini yake mikono ya msichana mpya wa zamu, mizima, inaingia na kutoka. Ufunguo ungefaa kweli. Hatua arobaini zingekuwa sifuri.

Jioni, kabla jua halijazama, alikwenda kwa wifi yake.

Wifi alikuwa na meza ya nyuzi na vifungo pembeni ya barabara ya mafundi cherehani. Alifunga vifurushi kwa mkono mmoja na meno. Alipomwona Mama Mvuke hakusimama.

"Umekuja kuapa? Leo nina wateja."

"Wifi, nimeisoma."

"Umesoma nini?"

Mama Mvuke akatoa karatasi, akamsomea pale pale, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kuruka lile la shahidi. Fundi wa cherehani ya jirani aliacha kukanyaga mashine.

Wifi alikata uzi kwa meno. "Kwa hiyo umejua kusoma. Hongera."

"Wifi yangu, nisamehe, mimi..."

"Usinililie hapa, utalowesha nyuzi. Miaka minne. Miaka minne unanilia yamini mbele za watu juu ya karatasi ambayo hukuisoma! Ungesema tu 'sijui kilichoandikwa', wifi. Neno moja. Sijui. Lingekuua?"

"Nilidhani najua."

"Ndiyo ugonjwa wako. Unadhani unajua, halafu unapanda kiti." Habari za kiti zilikuwa zimemfikia, mji una masikio. Akauweka mkono wake uliokunjamana juu ya meza, katikati ya vifungo, kwa makusudi. "Mtihani wako lini?"

"Ijumaa. Akaniambia nikinyamaza napata ufunguo."

"Ufunguo," alisema wifi. "Mimi ufunguo ungenisaidia nini? Mkono huu haufunguliwi." Akageukia mteja, akampimia uzi, akapokea pesa. Kisha akasema bila kumtazama, "Umejifunza kuandika, si ndiyo? Basi andika. Na usinitaje kwa huruma."

Ijumaa mtihani ulifanyika katika ukumbi wa kulia, meza mbili zilizoachana mbali. Bwana Faili alisimamia mwenyewe. Utaratibu ulikuwa kwamba karatasi zinafungwa kwenye bahasha mbele ya waombaji, zinapigwa gundi na muhuri, zinapelekwa Makao Makuu kusahihishwa. Utaratibu huo aliuweka yeye, ili Tai akishinda watu wasiseme.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya vitenzi. Mama Mvuke aliivua kama soksi. Sehemu ya pili ilikuwa swali moja: andika ripoti ya ajali yoyote. Tai alianza papo hapo, anaandika huku anatikisa kichwa kama anayesikia muziki. Mama Mvuke aliishika kalamu juu ya karatasi muda mrefu mpaka Bwana Faili akasogea.

"Umekwama, mama?"

"Hapana. Natafuta nani katenda."

Akaandika. Springi ilikatika, akataja tarehe. Afisa utumishi aliingia ukumbini, akamtaja kwa jina lake kamili. Alimwagiza fundi. Fundi aliufunga upau kwa waya. Sote tulimwona. Opereta hakuondoa kitu. Mashine iliuvuta mkono wake. Msimamizi hakuwepo. Mimi nilikimbia hatua arobaini. Afisa utumishi aliniletea karatasi. Sikuisoma. Niliisaini. Sentensi zote fupi, kila kitenzi na bwana wake, kila jambo na siku yake. Aliyarudia makosa yake ya zamani moja moja akihakikisha hayapo, si kwa ajili ya alama. Alijua wakipata kosa moja tu la lugha, watalishika hilo na kuacha mkono. Sentensi ya mwisho aliiandika kwa wakati uliopo: waya upo mpaka leo.

Bahasha ikafungwa, ikapigwa gundi. Bwana Faili aligonga muhuri kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa nguvu.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Tai, aliyeandika habari ya gari lililogonga ng'ombe kwa maneno makubwa ambayo hata ng'ombe angeyashangaa, alipata hamsini na nane. Mama Mvuke alipata themanini na moja. Barua ikaendelea: kwa maslahi ya kazi, nafasi ya msimamizi inapewa mwenye hamsini na nane. Mama Mvuke anapewa onyo kwa kutumia mtihani vibaya. Na Jumanne atakuja mkaguzi kutoka Makao Makuu, na yule opereta aliyeumia naye aitwe.

Aliisoma mbele ya wote, pembeni ya mashine ya kadi, foleni nzima ikimsubiri nyuma. Hakuna aliyezomea. Alipomaliza alisema, "Wamenipa onyo kwa Kiingereza kizuri sana," akaikunja. Wenzake walitaka kucheka wakashindwa.

Jumamosi, kwa kuwa darasa lilikuwa limekwisha na miguu ilizoea kutoka siku hiyo, alikwenda barabara ya vipuri, akauliza maduka manne, akanunua kitu kidogo kilichofungwa kwenye gazeti.

Jumanne mkaguzi alifika: mwanamke mwenye viatu vya chini na tochi, hana maneno. Wifi naye aliingia getini kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, amevaa gauni lake la kutokea, mkono nje, hakuuficha kwenye mtandio. Walinzi walimsalimia wakiangalia chini. Wote wakasimama mbele ya mashine ya pasi: mkaguzi, Bwana Faili na faili lake, Tai na ufunguo mwekundu umelala juu ya tai, fundi, Mama Mvuke, wifi.

Mkaguzi alimulika upau. Waya mbili, kutu. Alizigusa kwa kidole, akakitazama kidole.

Bwana Faili alianza kueleza kwa Kiingereza. Kipuri kiliombwa. Kipuri kinatoka mbali. Kipuri ni ghali mno, bajeti ya mwaka ule haikuruhusu, wala ya mwaka uliofuata, wala huu. Mama Mvuke alimsikiliza neno kwa neno. Wakati sawa. Upatanisho sawa. Alingoja amalize, maana darasani walifundishwa kungoja nukta.

Kisha akatoa gazeti mfukoni mwa aproni, akalikunjua. Springi mpya iling'aa kwenye kiganja chake, fupi kama kidole. Hakumpa mkaguzi. Alimpa wifi.

Wifi aliipokea kwa mkono mzima, akaibonyeza, ikarudi. Akaibonyeza tena.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Bei gani?"

"Elfu tatu na mia nane."